HSV na FPV kushindana na M5 na AMG: V8 ya Australia inaweza kweli?

Swali hili tunaulizwa gerejini mara kwa mara na anayeuliza kawaida ni mtu amejikusanyia hela yake vizuri, ameona HSV GTS, ile Commodore ya Holden iliyoongezwa nguvu na kampuni ya HSV, inauzwa mahali, alafu pembeni ameona BMW M5 ya miaka ile ile inauzwa bei ya chini kuliko hiyo GTS, sasa hajui ashike ipi. Fundi, hii gari ya Australia inamfikia Mjerumani au watu wanalipia jina tu? Gereji yetu iko huku kaskazini mwa Adelaide, si mbali na Elizabeth pale Holden walipokuwa wanaunda Commodore mpaka walipofunga tarehe 20 Oktoba 2017, na wateja wetu wengi ni ndugu zetu Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, kwa hiyo nimeona nilijibu humu kwa Kiswahili na kwa urefu ili mtu asome kabla hajatoa hela.

Jibu langu ni kwamba kwa mwendo zinafika, tena bila shida. Kwa raha ya ndani hazifiki. Na kwa gharama ya kukaa na gari miaka mitano sita baada ya waranti kuisha, hapo Mjerumani anaachwa mbali na hapo ndipo watu wengi hawapigi hesabu.

Tuanze na mwendo. GTS iliyotoka 2013 ina injini inaitwa LSA, V8 ya lita 6.2 yenye sapuchaja (pampu inayosukumia injini hewa zaidi), kilowati 430 na torki ya Nm 740. M5 ya wakati ule, ile ya F10, ina V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili, kilowati 412 na Nm 680. Zote mbili ukizikanyaga kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa ni sekunde 4 na kidogo, huwezi kumwambia mtu kwamba moja ni gari na nyingine si gari. Sasa bei. GTS mpya ilianza dola 92,990 na M5 ilikuwa zaidi ya dola 200,000. Sehemu ya tofauti hiyo ni kodi, kwa sababu serikali hapa inatoza kodi ya magari ya kifahari asilimia 33 kwenye kiasi kinachozidi kiwango walichoweka, na GTS nayo iliilipa ila kwa kipande kidogo cha juu, M5 iliilipa kwenye mlima mzima. Lakini hata ukitoa kodi yote bado GTS ilikuwa rahisi sana kwa nguvu unayopata.

Kuna wanaosema ah, injini yenyewe ni ya Mmarekani. Ni kweli, LSA ni ile ile ya Cadillac CTS-V, hilo hatulifichi. Lakini gari si injini peke yake. Commodore ya VE ya 2006 chasisi yake iliundwa hapa hapa Australia na ilikuwa nzuri kiasi kwamba GM, kampuni mama ya Holden kule Marekani, wakaichukua chasisi hiyo hiyo wakaijengea Chevrolet Camaro ya Marekani. Bodi zilitoka Elizabeth, zikapelekwa Clayton kule Melbourne HSV wakazimalizia kazi, breki, shokapu na mengine. Na wale wenye ndugu Muscat au Dubai waulizeni kuhusu Chevrolet Lumina na Caprice, maana hizo ndizo Holden zenyewe zimebadilishwa nembo na usukani umehamia kushoto, watu wa Ghuba walizipenda sana na joto lile la kule zilistahimili.

Tena si jambo jipya. Mwaka 1971 Ford walitoa Falcon GT-HO Phase III, gari ya milango minne ya kubeba familia, V8 ya inchi za ujazo 351, wakaitengeneza kwa ajili ya kushinda mbio za Bathurst na ikashinda, na wakati ule ilikuwa kati ya gari za milango minne zenye kasi kuliko zote duniani. Mwaka uliofuata magazeti na wanasiasa wakapiga kelele kuhusu mwendo, Phase IV ikafia njiani.

Upande wa Ford wa miaka ya karibuni kuna GT-F ya 2014 ya FPV, ambao kwa Ford walikuwa kama HSV kwa Holden, kilowati 351 ambazo waliziweka makusudi kukumbuka ile namba ya zamani. Gari nzuri, lakini mimi nikiulizwa Ford ipi, siku zote nasema Falcon XR6 Turbo. Ile injini ya Barra ni silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, lita 4.0, ilikuwa inatengenezwa Geelong, na ni ngumu ajabu. Toleo la mwisho la Sprint la 2016 lilitoka kiwandani na kilowati 325 na kwenye barabara ya kawaida inaisumbua hata V8. Mtu asiyetaka kumwaga hela ya GTS aanzie hapo.

Zinapopungukiwa napo niseme wazi maana tunauza huduma, hatuuzi sifa. GTS ina uzito unaokaribia kilo 1,900 na ukiipeleka kwenye zile kona za Adelaide Hills utausikia, ingawa breki zake za AP Racing ni kubwa na zinashika kweli. Otomatiki yake ya gia 6 haibadilishi haraka kama ile ya M5 ya klachi mbili yenye gia 7. Ndani plastiki ni nyingi, na kelele ya tairi inaingia kuliko kwenye AMG ya Mercedes. BMW M3 ya V8, ile ya E92, injini inapanda mpaka mizunguko 8,400 na sauti yake pale juu hakuna Holden inaitoa, mwenye kupenda hiyo asidanganywe na mtu, anunue M3 yake.

HSV W1 naipitia haraka. Ni ya 2017, injini ya LS9 ya Corvette ZR1, kilowati 474, Nm 815, gia za manyuo tu, tairi za Pirelli Trofeo R, dola 169,990. Hapo Australia walifika kabisa kwenye meza ya Wajerumani kwa kila kitu, pamoja na bei. Ila sa hizi ni mali ya wakusanyaji, ile pikapu ya Maloo W1 mwaka 2021 ilipigwa mnada ikavuka dola milioni 1, kwa hiyo kwa mteja wa kawaida hayo si mazungumzo ya gari tena.

Sasa kwenye matengenezo ndiyo kazi yetu na ndipo ninapotaka msome pole pole. M5 ya F10 imeshuka bei mpaka chini ya nusu ya ilivyokuwa mpya, wakati GTS safi inauzwa bei ile ile ya upya au kuzidi. Mtu anaona M5 ni bahati. Lakini turbo zake zimekaa katikati ya V ya injini, kila kitu pale kinapikwa na joto, na kuzifikia tu ni masaa ya fundi hata kabla ya spea. M3 ya E92 beringi za konekting rodi zinajulikana kuisha mapema na zisipobadilishwa injini inakwenda. Mercedes C63 AMG ya lita 6.2, zile za kwanza kwanza, bolti za silinda hedi zinakatika, maji yanaingia kwenye silinda. Hizi ni gari nzuri sana ila zinataka mtu mwenye akiba pembeni. LS ya Holden, ile familia ya LSA, ni injini ya mtindo wa zamani, kamshafti moja iko ndani ya bloku, valvu mbili kwa silinda, spea ziko kila mji na fundi yeyote aliyekulia hapa ameshaifungua.

Haimaanishi hazina magonjwa. LSA ikianza kugonga gonga pale mbele kwenye sapuchaja ukiwa umesimama, mara nyingi ni kile kiungo cha ndani kimechoka, hicho kinabadilishwa. Commodore SS za lita 6.0 zenye otomatiki, toleo la VE za mwisho mwisho na la VF za kwanza, zina mfumo wa kuzima silinda nne ukiwa unatembea taratibu na lifta zake zinakufa, utasikia tiki tiki isiyoisha hata injini ikipata moto. Bushi za mbele zinapasuka na usukani unatetemeka ukifunga breki. Na Falcon za matoleo ya BF na FG zenye giaboksi ya otomatiki ya ZF, hii naomba msiisahau: oili ya giaboksi inapoozwa na maji ya rejeta, sasa kile kipoozeo kikitoboka ndani maji na oili vinachanganyika. Sisi tukiletewa XR6 Turbo kitu cha kwanza tunafungua mfuniko wa tangi la maji na kutumbukiza kidole, kisha tunatoa oili kidogo ya giaboksi kwenye kikombe cheupe. Ikitoka ya waridi na nzito kama yoguti ya stroberi, hiyo giaboksi imekwisha na muuzaji anaweza hata asijue kwa sababu gari bado inatembea.

Kingine ni HSV za kubandika. SS ya kawaida inavalishwa bampa, rimu na nembo, inauzwa kama HSV Clubsport. HSV halisi ina kibao chake chenye namba ya uundaji na namba hiyo inatakiwa iendane na karatasi za gari. Pia lipia dola 2 za PPSR, ile rejista ya serikali ya madeni ya mali, uone kama gari ina mkopo wa mtu, imeibwa au iliwahi kuandikwa kuwa imeharibika kabisa. Na wazazi, kijana mwenye leseni ya P, ile ya muda ya madereva wapya, aliye chini ya miaka 25 haruhusiwi kuendesha V8 hizi South Australia, kwa hiyo msimnunulie zawadi ambayo itamharibia leseni.

Ukiniuliza hela yangu mwenyewe ningeiweka wapi, ni SS-V Redline ya 2016 au 2017, LS3 ya lita 6.2 bila sapuchaja, kilowati 304, breki za Brembo magurudumu yote manne. Haina nguvu ya M5, lakini unaiendesha kila siku, unapeleka watoto shule, na sevisi yake haikulizi.

Ukishapata gari unayoitaka, iwe ya Australia au ya Mjerumani, tupigie kabla ya kutoa hata ya kishika nafasi, tunakuja mpaka kwa muuzaji. Ombi letu ni moja: mwambie muuzaji asiiwashe gari asubuhi hiyo mpaka tufike. Tukikuta boneti ina moto tunaahirisha na kurudi siku nyingine, kwa sababu zile kelele nilizozitaja hapo juu nyingine zinasikika dakika ya kwanza tu injini ikiwa baridi.