Picha ya Ozu tuipe Kiswahili, tusiipe kipaza sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, wiki mbili zilizopita, alipendekeza kwamba sinema za polepole za Japani, kama zile za mwongozaji Yasujiro Ozu, na za Taiwan na Korea ya Kusini wakabidhiwe wasimulizi wetu wa vibanda vya video, wazitie sauti na vichekesho kama walivyozitia picha za kareti, kwani bila hivyo hakuna Mswahili atakayezivumilia hadi mwisho. Barua ile nimeisoma mara mbili. Mwandishi wake ni mpenzi wa sinema hizo kama mimi, na kinachomuuma ndicho kinachoniuma: mtu asiyejua Kiingereza amefungiwa nje ya picha ambazo hata hazikutengenezwa kwa Kiingereza. Maradhi tumeyaona pamoja; dawa yake ndiyo inayonipa shida.

Siandiki kwa dharau. Mimi mwenyewe nimelelewa na kibanda umiza, nikabanana na wenzangu kwenye benchi la mbao chini ya bati lenye joto, na stelingi wengi wa ng'ambo niliwajua kwa sauti ya msimulizi Lufufu kabla sijazisikia sauti zao wenyewe. Msimulizi wa namna ile hatafsiri tu. Humpa stelingi kabila na mtaa, humtukania adui, na hukunong'oneza mapema kwamba yule mwenye miwani usimwamini. Wakenya nao wanaye DJ Afro, na sidhani kama yuko mtu aliyewahi kuona ukumbi mzima ukiangua kicheko kwa neno ambalo halimo kabisa katika picha, halafu akathubutu kusema kwamba kazi hiyo si sanaa.

Wala sanaa hiyo si yetu peke yetu. Japani ilikuwa na wasimulizi wake, walioitwa benshi, tangu sinema ilipoingia nchini humo mwishoni mwa karne ya 19. Benshi alikaa kando ya skrini, akawasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake, akaeleza mandhari, akaongeza na ya kwake, na walikuwapo watazamaji waliokata tiketi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mwigizaji yeyote. Nguvu ya watu hao ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Japani iendelee kutengeneza picha zisizo na sauti hadi katikati ya miaka ya 1930, wakati Marekani ilikwisha kuziacha. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa benshi. Picha za sauti zilipoanza kuwanyima kazi alikuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo wao, na mwaka 1933 alijiua, habari ambayo mdogo wake aliisimulia katika kumbukumbu za maisha yake. Yasujiro Ozu, ambaye hasa ndiye tunayemgombania katika ukurasa huu, alianza kuongoza mwaka 1927 na hakutoa picha ya hadithi yenye mazungumzo ya kusikika hadi mwaka 1936. Kwa miaka ile yote ya mwanzo, basi, kazi zake zilionyeshwa huku mtu mwingine akizisemea. Na alipopata sauti hatimaye, aliitumia kwa uchache sana, akawaachia wahusika wake nafasi ya kukaa kimya pamoja.

Ndiyo maana naona mwenzangu amechanganya kimya cha aina mbili. Kimya cha picha za zamani kilikuwa upungufu wa mitambo, na benshi alikuwa na haki ya kukijaza. Kimya kilichomo katika Hadithi ya Tokyo, aliyoitoa Ozu mwaka 1953, kimewekwa kwa makusudi na mtu aliyekuwa na maneno tele ya kutumia. Ukikijaza, umeongeza kitu ambacho mwenye picha alikikataa.

Nitaeleza kwa mfano wa kikundi chetu, kwa sababu jambo hili sikulijua kwa kusoma. Sisi ni watu kama kumi, tunaokutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi sebuleni kwa mwenzetu, Magomeni: walimu wawili, fundi wa majokofu, muuguzi mstaafu tunayemwita Mama, wanafunzi wa chuo, na mimi. Siku tulipoitazama Hadithi ya Tokyo viti havikutosha, wengine wakakaa mkekani, na hao wa mkekani ndio waliogundua jambo ambalo sisi wa vitini lilitupita, yaani kwamba kamera ya Ozu imewekwa chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi sakafuni juu ya tatami, mkeka wa Kijapani, na kwamba ukiitazama ukiwa umekaa hivyo nyumba ile inakupokea kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu. Fundi wetu alisema ni picha ya kwanza ya ng'ambo iliyomtazama mtu kutoka pale anapokaa bibi yake.

Kwa asiyeijua, habari yenyewe ni fupi. Wazee wawili wanatoka Onomichi, mji wa pwani ulio magharibi mwa Japani, kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Kijana mkubwa ni daktari, binti yao Shige ana saluni, na wote wamebanwa na kazi, kwa hiyo wazazi wanapelekwa Atami kwenye nyumba ya wageni yenye maji moto, ambako kelele za vijana zinawanyima usingizi. Anayewatunza kwa moyo ni Noriko, mjane wa mtoto wao mwingine aliyepotelea vitani. Wanarudi kwao, na mama anafariki.

Sasa, baada ya mazishi, wanafamilia wakiwa bado mezani, Shige anaulizia nguo za marehemu. Anataka kimono na mkanda wa mama yake viwe ukumbusho. Sebule yetu ililipuka. Wanafunzi walisema huyo hana utu, hata arobaini haijafika. Mama, ambaye katika kazi yake amewafumba macho watu wengi, alimtetea binti yule karibu saa nzima. Alitukumbusha kwamba ni Shige aliyefikiria kufunga nguo za msiba kabla ya kupanda treni, na kwamba ni yeye aliyeangua kilio pale kitandani. Mtu wa aina hiyo, alisema, hana ubaya wowote, ila mdomo wake hauna pazia, na sisi tunaomshutumu tungetaka nguo zile zile na kumtuma mtu mwingine atuombee. Mwalimu mmoja akajibu kwamba pazia la mdomo ndilo malezi yenyewe. Tuliachana saa tano usiku bila kukubaliana, na hadi leo mtu akigusa suala la Shige chai inapoa.

Namwomba mwenzangu afikirie sinema hiyo hiyo ikiwa mikononi mwa msimulizi hodari. Shige angeingia tu mlangoni, dakika ya tano au ya kumi, nasi tungeambiwa kwa kicheko kwamba huyu ndiye yule binti mchoyo. Basi. Hukumu ingekwisha kutoka, Mama asingekuwa na la kumtetea, na ile saa nzima ya ubishi, ambayo kwangu ni nusu ya picha, isingekuwapo. Katika picha ya kareti adui ajulikane mapema, hakuna hasara, kwa kuwa raha iko katika kumwona akipigwa. Lakini mwongozaji Tsai Ming-liang, mzaliwa wa Kuching nchini Malaysia aliyefanya kazi zake Taiwan, aliimaliza picha yake ya mwaka 1994, ile iliyopata Simba wa Dhahabu huko Venice, kwa mwanamke aliyeketi kwenye benchi la bustani ya Taipei akilia kwa dakika kadhaa bila kukatizwa, bila muziki, bila kutuambia analilia nini. Msimulizi angesema nini hapo? Akitaja sababu, amedanganya. Akinyamaza, amekubaliana nami.

Kwa hiyo napendekeza maandishi ya Kiswahili chini ya picha, tena yaliyotafsiriwa moja kwa moja kutoka lugha ya asili. Hapa Mhariri aniwie radhi nikirefusha, kwa sababu watu hudhani kwamba kupitia Kiingereza ni njia ya mkato isiyo na gharama. Kichina humwita kaka wa baba bobo, mdogo wa baba shushu, na ndugu wa kiume wa mama jiujiu. Kiingereza huwakusanya wote watatu chini ya neno moja. Sisi tunao baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, kila mmoja na kiti chake. Katika Yi Yi, picha ya Edward Yang ya mwaka 2000 inayoanza na harusi na kuishia kwenye msiba, bwana harusi ni mjomba wa watoto wawili wa hadithi hiyo, na Mswahili akilisoma neno hilo hahitaji kuchorewa mti wa ukoo. Kikorea nacho kinatofautisha kaka anayeitwa na mdogo wake wa kiume na kaka anayeitwa na mdogo wake wa kike. Kijapani hubadilisha hata kitenzi kulingana na heshima ya anayezungumziwa, na katika lugha yenye shikamoo na marahaba, mtafsiri mwenye sikio angepata namna ya kuonyesha kwamba Noriko, mkwe asiye na damu, anazungumza na wazee wale kwa adabu ambayo watoto wa kuzaa wameizoea mno kuikumbuka. Tunapotafsiri kutoka Kiingereza tunapokea chakula kilichokwisha kuchujwa chumvi, kisha tunalalamika kwamba Wajapani hawajui kupika.

Yuko pia mwongozaji Hou Hsiao-hsien, ambaye picha yake ya mwaka 1989, Mji wa Huzuni, inahusu familia moja ya Taiwan katika miaka iliyouzunguka mkasa wa tarehe 28 Februari 1947, wananchi walipoinuka na serikali ikawaua maelfu, jambo ambalo halikuzungumzwa hadharani kisiwani humo hadi sheria ya kijeshi ilipoondolewa mwaka 1987. Ndani yake watu wanasema Kitaiwani, Kimandarini, Kikantoni, Kishanghai na Kijapani, na kuna mazungumzo yanayolazimika kupita kwa mkalimani zaidi ya mmoja kabla hayajamfikia mlengwa. Mmoja wa ndugu, mpiga picha, ni kiziwi asiyesema, kwa kuwa mwigizaji wake, Tony Leung Chiu-wai wa Hong Kong, hakuijua lugha ya kisiwa hicho. Dosari ya mwigizaji ikageuzwa kuwa moyo wa hadithi. Ndani ya treni, watu wenye silaha wanamtaka aseme ili wajue ni wa wapi, naye anatoa kwa shida maneno machache tu yasiyowaridhisha. Maandishi ya Kiingereza huonyesha lugha zote hizo kana kwamba ni moja. Msomaji wa Bukavu au Mombasa, anayeijua hatari ya kutambuliwa kwa matamshi, anastahili kuonyeshwa kwamba lugha imebadilika, hata kwa rangi tofauti ya herufi tu.

Nani atafanya kazi hiyo? Watu wapo. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na watu waliifuatilia bila kulalamikia ugeni wake. Kiswahili kinafundishwa Beijing, Osaka na Seoul, Redio China Kimataifa imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha Kichina. Tatizo ni kwamba uwezo huo wote umeelekezwa kwenye habari, biashara na tamthilia za jioni, na hakuna aliyeuliza kama yuko mtu Magomeni anayemngojea Ozu.

Nakiri ugumu mmoja. Maneno yetu ni marefu, na si kila mtazamaji husoma haraka. Tulipojaribu kutafsiri wenyewe dakika kumi za Yi Yi kwa msaada wa mwanafunzi wetu anayejifunza Kichina, sentensi hazikuenea kwenye mistari miwili, na tulipozifupisha tukakosea kuzipanga, jibu likawa linatokea kabla ya swali. Tulicheka sana, nami nadhani hapo ndipo Lufufu alipotucheka naye, popote alipo. Ila picha hizi zina fadhila moja kwa msomaji wa polepole: zenyewe haziendi haraka, na kati ya kauli moja na nyingine mtu anaweza kumaliza kusoma, akanyanyua macho, akakuta uso wa mwigizaji bado unamsubiri.

Wasimulizi wetu nao sitaki wakose kazi. Wapewe dakika kumi kabla ya taa kuzimwa, watueleze mwaka 1947 Taiwan kulitokea nini, au vita viliiachaje Japani ya mwaka 1953, jambo ambalo wangelifanya vizuri kuliko mhadhiri yeyote. Kisha wakae nasi. Taa zikiwashwa, wao ndio waanzishe ubishi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tunairudia Hadithi ya Tokyo, kwa sababu Mama ameapa kwamba safari hii atamshinda mwalimu. Mwandishi wa barua ile akipenda, awaachie anwani yake ofisini kwenu nami nitamtafuta. Nafasi yake ipo, mkekani kama atapenda ushauri wangu, na tumemwandalia swali moja la kuja nalo: Shige angeomba zile nguo kwa Kiswahili gani?

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Magomeni, Dar es Salaam