Saini ya chini ya chombo isomwe mwisho

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wa Tanga kuhusu chombo cha maua cha kioo alichoachiwa na marehemu mama yake, ambacho mama alizawadiwa na mwalimu wa Kizungu, nikasoma na majibu aliyopewa na wenzake. Mmoja kamwambia kimetoka Madina, kwa kuwa chini kimekwaruzwa "Mdina" na mwaka 1976. Mwingine kamwambia asikitoe chini ya milioni kumi, eti kila kioo chenye saini ni kazi ya msanii mkubwa. Huyu wa pili ndiye aliyenishikisha kalamu.

Mimi ni Mzanzibari, muuguzi mstaafu, naishi Portsmouth, na hujitolea kwenye duka la hisani linalouza mitumba. Rafu ya vioo nimeachiwa mimi kwa sababu wenzangu wanaogopa kuvunja. Vyombo vya Mdina hupita mikononi mwangu mara kwa mara, na maelezo ya huyo bwana wa Tanga yanavifuata vizuri: kioo kinene, kizito kuliko unavyotarajia, buluu inayoingia kwenye kijani, na michirizi ya njano kama mchanga.

Mdina ni mji mkongwe wa Malta. Jina lake lilichukuliwa na karakana iliyoanzishwa mwaka 1968 na Mwingereza Michael Harris, aliyekuwa akifundisha Royal College of Art kule London, akishirikiana na Eric Dobson. Karakana yenyewe haimo mjini, ipo Ta' Qali, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kivita. Watalii walinunua sana, kwa hiyo vyombo hivyo vimesambaa duniani, na mwalimu wa Kizungu aliyemzawadia mama wa msomaji wetu hakumpa kitu cha ajabu. Alimpa kitu kizuri, hilo tu.

Sasa tazama saini inasema nini hasa. Inataja karakana, haitaji mtu. Na ule mwaka una maana kubwa kuliko neno lililo kando yake: Harris aliondoka Malta mwaka 1972, na mwaka uliofuata akafungua karakana nyingine St Lawrence, katika Isle of Wight, kisiwa ninachokiona nikisimama ufukweni hapa kwetu. Chombo cha 1976 hakukipuliza yeye, hata aje dalali aape kwa viapo vyote. Kilipulizwa na mafundi aliowaacha nyuma. Vyenye saini ya Harris mwenyewe kutoka Malta ni vichache na vinatafutwa sana, na jina likishakuwa na bei kuliko chombo, hakosekani mtu wa kuliongeza kwa mkono wake.

Ndiyo maana kitako hukisoma kwanza, saini baadaye. Kioo cha kupuliza kikikaribia kumalizika hushikizwa kwenye fimbo ya chuma kwa chini ili mdomo utengenezwe, kisha hukatwa pale kikaacha kovu. Karakana nyingine huliacha kovu hilo likiwa na makali, nyingine hulisaga na kuling'arisha mpaka likawa bapa. Kule Isle of Wight mwanzoni walikuwa wakilikandamiza kwa kichwa cha bolti, baadaye kwa muhuri wenye mchoro wa mwali wa moto. Hivyo kuna vyombo vya Isle of Wight visivyo na herufi hata moja, na bado mtu anayevijua huvitambua akiviinua tu. Kibandiko cha karatasi nacho ni ushahidi, ila huoshwa kikatoka, au huhamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

Halafu kuna mikwaruzo. Chombo kilichokaa juu ya meza miaka hamsini huwa na vikwaruzo vidogo vidogo kwenye ile duara kinayoikalia, vinavyokwenda kila upande. Vikiwa vyote vinaelekea upande mmoja, hapo imepita msasa. Chukua lenzi na tochi, mulika kutoka ubavuni, utazame mikwaruzo inapokutana na herufi. Ni kama nyayo na matairi kwenye barabara ya vumbi, kilicho juu ndicho kilichopita baadaye. Mikwaruzo ikipita juu ya herufi, saini ni ya zamani. Herufi zikiikata mikwaruzo, kuna mtu alikaa na chombo hicho juzijuzi. Tazama na aina ya mstari. Kalamu ya ncha ya almasi huacha mstari mwembamba unaorukaruka, na kijimashine cha umeme huacha mstari mweupe wenye vitone vitone. Mashine peke yake si dalili ya wizi, maana karakana nyingi huitumia, lakini saini inayodaiwa kuwa ya enzi za Émile Gallé, msanii mashuhuri wa vioo, ikiwa na vitone vya umeme, rudisha chombo rafuni.

Nimemtaja Gallé kwa makusudi. Mfaransa huyo alifariki mwaka 1904, na kiwanda chake kikaendelea kuandika jina lake kwenye vyombo, kwa miaka kadhaa likiwa na kinyota kando. Siku hizi kuna vya kuigiza kutoka Romania, vingine vikiwa na neno "Tip" karibu na jina, ambalo kwa lugha yao humaanisha aina au mtindo. Neno hilo likifutwa kwa msasa, chombo kimeshapanda daraja. Kwa hiyo penye jina hilo pakiwa na doa lililosagwa, uliza kilichokuwapo.

Kwetu Afrika Mashariki lipo jambo la kuangalia pia. Kitengela, kandokando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Nani Croze alianzisha karakana ya vioo, na mwanawe Anselm akaja kuanzisha upulizaji, wakiyeyusha vioo chakavu vya madirisha na chupa. Kioo cha namna hiyo huwa na viputo vya hewa, na nimemsikia mtu mzima akidai viputo ni dalili ya ukale. Kinaweza kuwa kilipulizwa mwaka jana. Anayenunua huko akiulizia jina la fundi na mwaka, akaandika kwenye kijikaratasi akakitia ndani ya chombo, wajukuu wake hawatahitaji lenzi.

Bwana wa Tanga, usikisugue kitako kwa chuma cha kusugulia sufuria. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nyunyiza poda ya mtoto kidogo juu ya herufi, ipanguse kwa kidole, zitaonekana. Piga picha ya chombo kizima, ya kitako, na ya herufi kwa karibu, uzitume gazetini. Nami namwomba Mhariri azichapishe, hasa ile ya kitako, maana ile tarakimu ya mwisho unayoisoma 6 huenda ni 8, na hilo nitalitambua nikiliona.

Bi Salma,
Portsmouth, Uingereza