Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mnara wa Chumbe, ada, na ile modeli ya taa

Assalaam alaykum ndugu wanachama, nawashukuru mliofika.

Shughuli za kawaida mnazijua, sirefushi. Tulikutana, darasa mbili tulizitoa skuli, na safari ya kisiwa cha Chumbe hapa Zanzibar, penye mnara wa taa ya kuongozea meli, tulikwenda. Walijiandikisha watu 31, asubuhi kwenye boti wakaja 11, na boti ililipiwa ya wote. Hili limeniumiza sana. Wale 11 waliukwea mnara hadi juu, ngazi zaidi ya mia, wakauona na ule msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi waliojengewa walinzi wa taa. Waliolala wamekosa.

Sasa nije kwenye modeli, ile ya chuma tuliyoichongesha kuonesha taa ya mnara inavyojiwasha na kujizima, maana najua ndo mnachosubiri. Kwenye grupu la wasapu imeandikwa kwamba mwenyekiti kala pesa za fulana kwa kuchongesha "vyuma vya mchezo". Ndugu zangu, uamuzi ule niliusimamia mimi na leo nausimamia tena.

Mnara ule Waingereza waliujenga 1904 kuongoza meli zinazoingia bandari yetu, na 1926 ukafungwa mitambo ya gesi ya AGA, kampuni ya Sweden ya Gustaf Dalén. Kila mgeni anaambiwa hivyo halafu basi, hakuna anayeelezwa ubingwa wa yule bwana uko wapi. Dalén alitengeneza valvu, yaani kilango cha kufungua na kuziba gesi, inayofanya kazi kwa mwanga wa jua tu: fimbo moja nyeusi katikati, pembeni fimbo tatu zilizong'arishwa. Kukipambazuka ile nyeusi inanyonya mwanga, inapata joto, inarefuka kuwazidi wenzake kwa kiasi kidogo mno, inabonyeza, gesi inaziba. Magharibi inapoa inafupika, gesi inafunguka na kale kamwali kadogo kasikozimika kanaiwasha taa. Joto la hewa haliidanganyi kwa sababu linazirefusha fimbo zote sawasawa, tofauti inaletwa na mwanga peke yake. Hakuna haja ya mtu kukesha na kiberiti. Kazi yake kwenye taa za aina hii ilimpa Nobeli ya fizikia 1912, na mwaka huohuo mlipuko wa gesi ukampofua macho, na bado akaendelea kuiongoza kampuni mpaka alipofariki 1937.

Haya yote nimeyaeleza kwa mdomo miaka na watoto wanasinzia. Safari hii tumeweka modeli mezani, balbu kali juu yake, na sindano ndefu ya kukuza mwendo wa fimbo nyeusi. Mtoto mmoja wa kike aliikinga balbu kwa daftari lake, sindano ikarudi taratibu, akaliondoa, ikasogea tena, darasa zima likasimama. Fulana ingefanya hivyo? Na wazo la modeli nililitoa mimi kwenye kikao halali, waliokuwepo walikubali, wanaolalamika hawakuja.

Hesabu ni hizi: wanachama 63, waliolipa ada yote 21, nusu 9, yaani shilingi 765,000, michango ya marafiki 310,000, jumla 1,075,000. Imetoka 420,000 ya modeli, 360,000 boti, 95,000 picha na chai, imebaki 200,000. Risiti zote zipo. Waliosema zaidi kwenye grupu wengi wamo kwenye wale 33 ambao hawajatoa hata senti, na mimi sitaji mtu lakini daftari linajieleza.

Mwakani inshallah tunatarajia kuipeleka modeli skuli nyingi zaidi, na Pemba ikiwezekana, na tukipata mfadhili tutachapa kijitabu cha Kiswahili cha huu mnara. Fulana pia tutaziangalia pesa ikiruhusu.

Mweka hazina anakaa hapahapa ukumbini kila Jumamosi baada ya Alasiri na kitabu cha risiti. Ada ni 30,000, na nusu nusu anapokea.