Picha ya mama yako

Mwanangu, shikamoo yako nimeipata, marahaba, na ile vois uliyonitumia unalia nimeisikiliza mpaka mwisho, mara mbili. Umeniuliza kwanini baada ya arobaini niliitoa picha ya mama yako ukutani nikaifungia kabatini, sikukujibu maana jibu sikua nalo. Jana nilikua ofu nikaingia Metropolitan Museum, jumba la makumbusho ya sanaa hapa New York, yaani nilikua nakimbia baridi tu, nikakutana na mama mmoja kavaa gauni la satini la bluu nikaganda palepale.

Ni picha ya rangi za mafuta, kachora Mfaransa anaitwa Ingres, aliianza 1851 akaimaliza 1853, mzee kapita miaka 70 lakini ile satini mwanangu, mikunjo inang'aa mpaka mkono unataka kwenda kushika. Ana lulu mkononi, shali yake ya nakshi za dhahabu kaiweka juu ya kiti cha manjano, kaegemea hapo kakunja mikono. Anaitwa Pauline, mke wa Albert de Broglie, ukoo mkubwa sana Ufaransa, huyo mume baadae akaja kua waziri mkuu. Wanasema alikua mtu wa haya, na kweli ukimwangalia anakua kama hayupo na wewe, kama anasubiri umalize uende zako. Mama yako mbele ya kamera alikua hivohivo, unakumbuka tulivyokua tunambembeleza acheke?

Basi yule mama kifua kikuu kikamchukua 1860, miaka 35 tu, kaacha watoto wa kiume watano. Mumewe ile picha akaifunika pazia. Haya nimeyasoma kwenye simu nikiwa kwenye basi narudi, nikashuka kituo sio changu. Hakuiuza, hakuipeleka kwa ndugu, ilikaa humohumo nyumbani, ila kaifunika.

Mwanangu mi sikutaka kumsahau mama yako kama unavyosema, neno hilo limeniuma. Zile wiki nilizokua hapo kila nikitoka chumbani asubuhi namkuta yeye kwanza, na lile gauni la bluu alilovaa harusi ya mamdogo wako, ambalo mi mwenyewe nilimnunulia kitambaa tukagombana bei ya fundi, basi chai inanikaa kooni siku nzima siongei na mtu. Ndo nikaitoa. Ningekuambia wakati ule, sikuweza, na wewe ulikua unalia chumba cha pili.

Ufunguo wa kabati anao bibi yako, mwambie nimekuruhusu. Itoe, ifute vumbi, itundike palepale sebuleni juu ya redio. Ila tafuta na kitambaa chepesi, fundi akushonee kapazia ka kuvuta, nikija Desemba nikute kapo. Asubuhi tutakua tunafungua wote.

Baba yako