Nilipe Cape Town au nisubiri Oxford?

Shosti wangu,

Salamu kutoka Kampala, mama anakusalimu sana na binti yangu kila siku anauliza utakuja lini na maembe ya Mombasa. Mimi mzima ila usingizi sina, na nimeona nikuandikie maana kwenye simu tutaanza stori za Malaba kule mpakani mwa Kenya na Uganda na lenye maana litapita.

Ni hivi, UCT, Chuo Kikuu cha Cape Town, wamenikubali! Ile shule yao ya biashara pale Cape Town, iliyo kwenye jengo la zamani la gereza la Breakwater karibu na bandari, MBA ya mwaka mmoja, inaanza Januari. Imeili iliingia Jumanne asubuhi niko kwenye foleni Nakawa na makaratasi ya mteja mkononi, nikaisoma mara tatu, nikatoka nje nikaegemea ukuta nikalia mpaka askari wa geti akaniuliza dada umefiwa. Nikamwambia hapana ssebo, nimepata shule.

Sasa wanataka dipoziti kufikia Ijumaa ya wiki ijayo na ukishalipa hairudi. Ndiyo pesa yangu yote ya SACCO, ile tuliyoanza kuweka mimi na wewe elfu hamsini hamsini kila mwezi, unakumbuka. Na Oxford hawajakataa, wameniweka kwenye orodha ya kusubiri, mtu akiacha nafasi wananiita, inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa mwezi wa nane, na masomo yao yanaanza Septemba.

Bosi anasema nisubiri, Oxford ni Oxford, ukitaja hilo jina kwenye ofisi yoyote hapa mjini watu wanakaa wima. Ni kweli, siwezi kukudanganya kwamba hainivuti. Tangu shule ya msingi Tororo nasikia hilo jina.

Lakini juzi usiku nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Tuseme wananiita katikati ya mwezi wa nane. Kwanza kipimo cha TB, maana sisi wa Uganda tumo kwenye orodha ya Uingereza ya nchi ambazo watu wake lazima wapimwe. Halafu pesa ya ada na ya kuishi iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka, ndipo uombe viza, na viza yenyewe kwa kawaida wiki tatu. Jumlisha hapo uone, Septemba imeshapita. Ili niwe tayari inabidi nikope hiyo pesa SASA, ikae tu benki ikila riba, nikingojea simu ambayo huenda isilie. Mwenzangu aliye kwenye orodha hiyohiyo lakini ana pasipoti ya Uingereza akiitwa mwezi wa nane anafunga begi anapanda treni. Wewe uko bandarini, unajua kontena likishamaliza siku zake za bure linavyomla mwenyewe kila siku hata kama halijasogea hatua moja, ndivyo ninavyojiona.

Halafu mtoto. Tangu Januari 2024 Uingereza mtu wa masters ya darasani haruhusiwi kuleta familia, kwa hiyo mwaka mzima yeye huku mimi kule. Cape Town pia ataanza kwa kubaki na mama, lakini kwa likizo fupi naweza kupanda ndege kupitia Joburg nikamwona. Juzi alinichorea ndege kwenye daftari la hesabu, dirishani ameweka vichwa viwili, kimoja kina mabutu yake. Sijamwambia chochote bambi.

Na kuna kitu sijamwambia mtu ila wewe. Unakumbuka Januari 2022, madereva walipogoma kwa ajili ya zile pesa za kupima korona, matrela yakajipanga kutoka mpakani hadi macho yanapoishia na huku Kampala petroli ikapanda kama imepata wazimu? Tulikuwa tunawapelekea madereva chai kwenye jagi la plastiki, na yule mzee wa Eldoret akatuuliza, nyinyi mliosoma, hii kitu nani anaitengeneza? Mimi naitafuta MBA kwa sababu ya lile swali. Na Cape Town nitakaa darasa moja na watu wanaoijua Beitbridge, mpaka wa Afrika Kusini na Zimbabwe, kwa foleni yake, na Chirundu, mpaka wa Zambia na Zimbabwe, walioanza tangu 2009 kituo kimoja ambapo nchi zote mbili zinakagua lori mahali pamoja, watu ambao sitahitaji kuwaelezea trela kulala mpakani siku tano ni nini. Ubora pia wanao, wana ithibati zote tatu kubwa za shule za biashara, AACSB, EQUIS na AMBA, si shule ya kubahatisha.

Kuna mwenzetu ofisini ananiambia lipa Cape Town halafu Oxford wakiita uruke. Hiyo siitaki. Najua kukaa kwenye orodha kunavyouma, na huko Cape Town pia kuna mtu anasubiri mimi niseme sitaki.

Mama nilimweleza yote Jumapili akiwa anamenya karanga pale barazani. Akauliza, hao wengine wamekuambia lini? Nikasema hawajasema. Akaendelea kumenya karanga zake, baadaye akauliza, Cape Town kuna baridi, nikununulie sweta?

Kwa hiyo Ijumaa nadhani nalipa, na siku hiyohiyo nawaandikia Oxford wanitoe jina. Ila wewe unanijua tangu tukilala chumba kimoja nyuma ya ile baa, ukiona hapa naikimbia Oxford kwa woga nikajificha nyuma ya mtoto na hesabu za viza, niambie wazi, sitakasirika. Nipigie kabla ya Alhamisi, baada ya saa tatu usiku, mtoto anakuwa amelala.

Wako wa Malaba