Kabla ya kulipia kambi: mambo ya kuuliza ukienda na watoto na mbwa

Maneno "mbwa wanaruhusiwa" kwenye tangazo la kambi yana uhakika mmoja tu: mbwa wako hatazuiwa getini. Hayasemi kama atafika ufukweni, kama atapita njia za matembezi, wala kama atakubaliwa kulala ndani ya hema. Zipo kambi zinazompokea mbwa kisha zikampiga marufuku kila sehemu ambayo familia imeifuata, hadi mzazi mmoja anabaki hemani na mbwa huku mwenzake akiwapeleka watoto kuogelea. Hilo ndilo lalamiko tunalolisikia mara kwa mara kwa wateja wanaokodi mahema kwetu, na simu moja kabla ya kulipa ingelizuia.

Ukipiga simu, usiulize "Je, mnapokea mbwa?" Jibu litakuwa ndiyo na hutakuwa umejua lolote. Uliza ni wapi hasa mbwa haruhusiwi, na utajiwe sehemu moja moja: ufukwe, bwawa, uwanja wa watoto, njia za msituni, bafu. Uliza idadi ya mbwa kwa kiwanja kimoja, yaani eneo mtakalopewa kusimamisha hema, na kama kuna aina au ukubwa wanaoukataa. Uliza urefu wa kamba. Kambi nyingi hudai isizidi kama mita 1.8, kwa hiyo zile kamba zinazojivuta na kurefuka hukataliwa. Ada ya mbwa ni kwa usiku au kwa safari nzima? Na mbwa akiugua mkaahirisha, pesa inarudi? Majibu hayo yaombe kwa maandishi, maana anayepokea simu leo si lazima ndiye atakayekuwa mapokezi siku mnayofika.

Kambi nyingi zinaomba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama mbwa hajawahi kuchanjwa, usingoje wiki ya safari: chanjo ya kwanza huchukua wiki 3 hadi 4 kabla ya kuhesabiwa kuwa inamkinga. Siku hiyo hiyo mwulize daktari wa mifugo kuhusu dawa ya kupe, na kuhusu chanjo ya homa ya mgunda, ambayo mbwa huipata kwenye maji yaliyotuama yenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Homa hiyo huwapata watu pia.

Sasa kiwanja chenyewe. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: wanachagua kambi nzuri halafu wanapokea kiwanja chochote watakachopewa. Wakati wa joto, jambo la kwanza kutazama ni kivuli, na kivuli chenyewe kiwe cha saa 8 mchana, si cha saa 2 asubuhi. Jua la alasiri linatoka magharibi, kwa hiyo mti unaokufaa ni ule ulio upande wa magharibi wa hema. Picha za matangazo haziwezi kukuonyesha hilo. Omba ramani ya viwanja yenye alama ya kaskazini, au uliza moja kwa moja ni kiwanja gani kina kivuli kuanzia mchana hadi jioni. Hema lililosimama juani huwa na joto kuliko nje, na mtoto mdogo hawezi kulala humo mchana.

Kwa mbwa suala ni zito zaidi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza hasa kwa kuhema. Mbwa wa pua fupi, kama bulldog na pug, hata kuhema huko hawakuwezi vizuri. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Likifika 41 uhai wake uko hatarini. Ukiona anahema bila kutulia, ute mzito unamtoka, ufizi umekuwa mwekundu sana, anatapika au anayumba, mhamishe kivulini mara moja, mmwagie maji ya baridi mwilini, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, kisha umpeleke kwa daktari hata kama anaonekana kupata nafuu, kwa kuwa viungo vya ndani vinaweza kuwa vimeumia. Kumwacha garini wakati mnajiandikisha mapokezi hakufai hata kidogo: nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari hufika karibu 34 kwa dakika 10 na kupita 40 kwa nusu saa. Mtoto naye ni vivyo hivyo. Na kabla ya kumtembeza juu ya lami, mchanga au kokoto, bandika mgongo wa kiganja chako chini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua.

Kivuli kina masharti yake. Inua macho kabla ya kutandaza hema: tawi lililokauka au lililovunjika na kunasa juu halihitaji upepo mkubwa ili lidondoke. Epuka pia mti mrefu uliosimama peke yake kama kuna dalili ya radi, na epuka mkondo mkavu wa maji hata kama mchanga wake ni laini na unavutia. Mvua inaweza kunyesha mbali, msikokuona, na maji yakawafikia usiku.

Choo kiwe karibu, lakini msipakane nacho. Kwa mtoto wa miaka 4, mita 50 hadi 100 zinatosha. Mkiwa karibu zaidi mtapata harufu, taa inayowaka usiku kucha na msururu wa wapita njia ambao mbwa atambwekea kila mmoja. Kiwanja cha pembeni chenye vichaka kati yenu na majirani ndicho bora kwa mbwa, asichokiona hakibwekei. Kama watoto hawajui kuogelea, chagua kiwanja kilicho mbali na maji, hata kama mandhari yake si ya kupigiwa picha.

Halafu piga hesabu ya maji. Weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Mbwa anahitaji karibu mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake, na joto linaweza kuongeza mahitaji hayo maradufu, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 mwekee lita 2. Familia ya watu 4 na mbwa huyo inatumia lita 18 kwa siku kabla ya kuosha hata kijiko, yaani karibu dumu zima la lita 20. Ndiyo maana umbali wa bomba ni swali la kuuliza, na pia kama maji yake yanafaa kunywa bila kuchemshwa. Mbwa asinywe bwawani. Maji yenye utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika yanaweza kuwa na sumu inayoua mbwa ndani ya saa chache, na akiogelea humo ataimeza anapojilamba manyoya.

Mkishafika, usimfunge mbwa kwenye nguzo ya hema. Chomeka kigingi cha peke yake na umvalishe mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni. Kamba ya mita 3 inampa duara la mita 6 kwa upana. Moto, jiko na kamba za hema vyote vikae nje ya duara hilo. Moto uwe mita 4 au 5 kutoka hemani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema hata kama mkaa unakaribia kuzima, kwani gesi yake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mabaki ya chakula yafungiwe garini: chokoleti, zabibu, vitunguu na mifupa iliyopikwa vinamdhuru mbwa.

Ukiagiza hema kwetu, tuandikie idadi ya watu, umri wa watoto, uzito wa mbwa na aina ya udongo wa kiwanja. Hema la "watu 4" ni la watu 4 waliobanana mabega, kwa hiyo familia ya 4 yenye mbwa mkubwa tunaipa la watu 6. Kwenye mchanga tunaweka vigingi vipana na virefu, kwenye ardhi ngumu vya chuma. Na kama kiwanja hakina mti upande wa magharibi, sema mapema ili tupakie turubai la mita 4 kwa 4 pamoja na nguzo zake.