Wito wa Harambee: Doti Kumi na Mbili za Kanga za Kumbukumbu

Wapendwa katika Bwana, ndugu na jamaa mnaosali nasi kwa Kiswahili hapa Massachusetts, pamoja nanyi marafiki mlioko Nairobi, Mombasa, Bukavu na kwingineko,

Kamati inawaandikia kuomba mchango wenu ili tutengeneze doti kumi na mbili za kanga za kumbukumbu, zitakazotundikwa ukumbini tarehe 20 Novemba, siku ambayo katika nchi nyingi husomwa majina ya watu waliouawa kwa sababu walibadili jinsia. Kiasi kinachohitajika ni dola 5,800. Dola 1,740 zimekwisha kupatikana, na tunaomba dola 4,060 zilizobaki zitimie kabla ya Jumapili ya mwisho ya Septemba, ili mafundi wapate muda wa kutosha wa kazi.

Chanzo cha siku hiyo kiko hapa hapa kwetu, ingawa wengi wetu tumepita Allston miaka nenda miaka rudi tukienda kazini bila kulijua hilo. Rita Hester alikuwa mwanamke Mweusi aliyebadili jinsia, mzaliwa wa Hartford, Connecticut, aliyejulikana na kupendwa katika kumbi za muziki wa roki za mtaa huo wa Boston. Tarehe 28 Novemba 1998, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 35, alichomwa kisu nyumbani kwake akafariki, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Baadhi ya magazeti yalimwandika kama mwanamume, na jina aliloishi nalo yakalifungia ndani ya alama za mtajo, kana kwamba lilikuwa la kuazima. Siku chache baadaye watu wapatao 250 waliandamana na mishumaa hadi penye nyumba yake. Mama yake akapiga magoti mbele ya mlango, wanawe wakaungana naye, wakasali Baba Yetu. Mwaka uliofuata Gwendolyn Ann Smith, mwanaharakati aliyebadili jinsia, alianzisha siku ya kumbukumbu, baada ya kugundua kuwa watu aliozungumza nao kuhusu Rita walikuwa wamekwisha kumsahau Chanelle Pickett, mwanamke mwingine Mweusi aliyebadili jinsia, aliyeuawa mwaka 1995 katika mji jirani wa Watertown. Ilikuwa imepita miaka mitatu tu.

Lugha yetu ina neema moja katika jambo hili. Mwandishi wa Kiingereza, kila anapomtaja marehemu, hulazimika kuchagua kiwakilishi cha mwanamume au cha mwanamke, na hapo ndipo magazeti yale yalipomdhalilisha Rita tena na tena. Sisi tunasema alizaliwa, alipendwa, aliuawa, tunamlilia, na kitenzi hakimvui mtu utu wake. Linalobaki mikononi mwetu ni jina. Wenzetu wa Kenya watakumbuka kwamba mwaka 2014 Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alilazimika kwenda hadi Mahakama Kuu jijini Nairobi ndipo baraza la mitihani likaamriwa kumbadilishia jina kwenye cheti chake cha shule.

Ndiyo sababu tumechagua kanga. Kila mmoja wetu aliyelelewa na kanga anajua kwamba ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi yanayokaa chini ya mji na kusema kile ambacho mdomo hauwezi kukisema. Katika kanga zetu, mahali pa jina patashonwa jina la marehemu, lile alilojiita mwenyewe. Pindo litapigwa kwa mihuri ya mbao, kama zilivyopigwa kanga za kale, nao mji utachorwa kwa mkono kwa kufuata jambo ambalo marehemu alilipenda: kwa Rita tumefikiria jukwaa na taa zake, kwa Islan Nettles, binti wa miaka 21 aliyepigwa barabarani Harlem, New York, mwaka 2013 akafa siku chache baadaye, tumefikiria mkasi na uzi, kwa kuwa ndoto yake ilikuwa kubuni mavazi. Na kwa kuwa kanga huuzwa doti, kila doti itakatwa: kipande kimoja kitapelekwa kwa familia au marafiki wa marehemu, wakikubali kukipokea, na cha pili kitabaki hapa kutundikwa kila mwaka.

Hatuanzi jambo jipya. Mwezi Oktoba 1987, vipande 1,920 vya nguo vilitandazwa uwanjani Washington kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, kila kimoja futi tatu kwa sita, kipimo cha kaburi. Mwaka 2020 bustani moja ya jimbo huko Brooklyn, New York, ilipewa jina la Marsha P. Johnson, mwanaharakati Mweusi wa haki za waliobadili jinsia, na Rita mwenyewe sasa ana picha kubwa ukutani Allston. Kuta ni njema, lakini kanga hukunjwa, hubebwa, hufunikwa mtoto.

Baadhi ya wazee wetu wameuliza, kwa upole, kama jambo hili linalihusu kanisa, na swali lao linastahili jibu. Mwaka jana tulichanga jeneza na nauli ya kusafirisha mwili wa kijana ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwona, wala hakuna aliyeuliza aliishije kabla ya kutoa rambirambi. Tulikaa matanga, tukapika, tukalia na mama yake. Hawa nao wana mama. Zaidi ya hayo, watoto tunaowalea katika nchi hii ni Weusi, na mmoja wao aliyetuambia yeye ni nani aliacha kuja ibadani kwa sababu ya maneno yetu. Kamati inakiri hilo kwa huzuni.

Katika fedha tunazoomba, dola 3,000 ni ujira wa wasanii wawili vijana, Weusi waliobadili jinsia, watakaochora mji wa kila kanga na kuwafundisha vijana wetu. Hatutaki kuwaomba watu hao wafanye kazi ya bure juu ya misiba yao wenyewe. Pamba, rangi na mihuri vitagharimu dola 1,150, ukumbi, mishumaa na chakula dola 900, masanduku ya kuhifadhia 400, na posta 350. Mchango akabidhiwe mhazini baada ya ibada, naye atatoa stakabadhi. Hesabu zitasomwa mbele ya wote Jumapili ya kwanza ya Desemba. Asiye na fedha alete cherehani, au saa mbili za Jumamosi.

Kanga ya Rita imekwisha kupigwa pindo, nyeusi na nyekundu, na iko mezani ukumbini. Mahali pa jina pameachwa wazi. Herufi zake za kwanza zitashonwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa nne asubuhi, na sindano zitakuwepo za kutosha.

Kamati ya Harambee